Mgonjwa wa akili ana kikao cha tribunali: nani aambiwe, lini, na aambiweje (mwongozo kamili kwa walioko England)

Kwanza niseme wazi, hii ni ya England tu. Wales wana tribunali yao, Scotland na Northern Ireland sheria zao ni nyingine kabisa, kwa hiyo kama uko Glasgow usije ukaenda kubishana na hospitali kwa kutumia haya. Naandika kwa watu wa aina mbili: Waswahili wenzangu mnaofanya kazi wodini, manesi, wasaidizi wa huduma, wakalimani, na pia wale ambao ndugu yao amelazwa kwa nguvu ya sheria na ghafla imeingia barua ya Kiingereza mlangoni na hamjui inataka nini.

Kwa kifupi hali iko hivi. Mtu akilazwa bila hiari yake chini ya Mental Health Act ya 1983, ana haki ya kuomba watu wasio wa hospitali ile waangalie kama kweli kuna sababu ya kuendelea kumshikilia. Hao ndo tribunali. Tangu Novemba 2008 wako chini ya First-tier Tribunal, makaratasi yao yanapitia Leicester, na kwenye kikao wanakaa watatu: jaji, daktari wa akili, na mtu wa tatu mwenye uzoefu wa afya ya akili au ustawi wa jamii. Hawa si washauri, wana meno. Daktari wa wodi akisema abaki na wao wakisema atoke, anatoka.

Sasa haki hiyo haina maana kama mwenyewe hajui kuna kikao, au amejua asubuhi ileile, au ameambiwa kwa lugha ambayo nusu yake haikumwingia. Matatizo mengi ya taarifa ninayoyaona siyo kwamba barua haikuandikwa, barua huwa ipo, iko kwenye faili, ina tarehe na sahihi, ila ukimuuliza mgonjwa kikao chako lini anakwambia kikao gani. Kwa hiyo kwenye kila hatua hapa chini jiulize swali moja tu, huyu mtu anajua kweli au tumeandika tu kwamba anajua.

HATUA YA 1: Jua yuko seksheni gani (yaani kifungu gani cha ile sheria ya 1983), maana siku zinahesabika tofauti

Seksheni ya 2 ndo ya mbio. Inamshikilia mtu mpaka siku 28, na maombi ya tribunali lazima yaingie ndani ya siku 14 za mwanzo, na siku aliyolazwa inahesabiwa kuwa siku ya kwanza hata kama aliingia saa tano usiku. Maombi yakishapokelewa kikao lazima kianze haraka, ndani ya siku chache, na taarifa ya saa na mahali inatakiwa itoke angalau siku 3 za kazi kabla. Yaani kuanzia fomu mpaka kikao ni siku chache tu, hakuna muda wa kusema nitamwambia Jumatatu.

Seksheni ya 3 ina nafasi zaidi. Inaanza na miezi 6, inaweza kuongezwa 6 mingine, halafu mwaka mwaka, na kila kipindi mgonjwa anaruhusiwa kuomba mara moja. Taarifa ya kikao hapa ni angalau siku 21, isipokuwa pande zote zimekubali iwe chini ya hapo au kuna dharura. Na hili watu wengi hawalijui: kama miezi 6 imepita tangu ashikiliwe mara ya kwanza (siku za seksheni ya 2 zinaingia humo humo) na kesi yake haijafika tribunali, hospitali yenyewe inalazimika kuipeleka, mgonjwa aombe asiombe. Baadaye ikipita miaka 3 bila kusikilizwa wanapeleka tena, na kama hajafika miaka 18 ni kila mwaka. Kwa hiyo familia ikipata barua ya kikao wasimgombeze mgonjwa "kwa nini umewashtaki madaktari", pengine hajaomba chochote.

Aliyeletwa na mahakama kwa seksheni ya 37 hawezi kuomba miezi 6 ya kwanza. Aliye nje kwa CTO (amri ya kutibiwa akiwa nyumbani kwa masharti) naye ana haki ya kuomba, na CTO ikifutwa akarudishwa wodini hospitali inapeleka kesi tribunali haraka bila kusubiri aombe.

Kama unadhani siku moja moja hazina shida, iko kesi iliyofika mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza mwaka 2013. Mgonjwa wa seksheni ya 2 alijaza fomu tarehe 31 Desemba 2010, yuko ndani ya muda, akaikabidhi wodini. Sikukuu za mwaka mpya zikaingia, fomu ikatumwa tarehe 4 Januari, tribunali ikasema umechelewa. Miaka ya kesi kwa sababu karatasi ililala mahali. Fomu ya maombi inaitwa T110, ikijazwa inatumwa siku hiyohiyo, kama ofisi ya Mental Health Act (ya hospitali, inayoshughulikia makaratasi haya) imefungwa muulize nesi msimamizi wa zamu inatumwaje, na andika kwenye maelezo ya mgonjwa saa uliyotuma.

HATUA YA 2: Mgonjwa mwenyewe kwanza, kwa mdomo na kwa karatasi

Seksheni ya 132 inataka hospitali imweleze mgonjwa kwa mdomo NA kwa maandishi yuko chini ya seksheni gani na ana haki gani ya kwenda tribunali. Vyote viwili. Karatasi ya haki aliyopewa usiku wa kulazwa, mtu ameshachomwa sindano, macho hayafunguki, hiyo umetimiza fomu tu. Rudi kesho yake, rudi tena akitulia, rudi seksheni ikibadilika, na kila mara andika ulichosema na alichojibu.

Mwambie mapema kwamba hajashtakiwa. Wengi wetu tukisikia jaji anakuja tunajua kuna kosa, nimeona mtu amekataa kutoka chumbani siku nzima akiamini anapelekwa jela. Unaweza kumwambia hivi, kwa sauti ya kawaida, mmekaa:

"Kaka, Alhamisi saa nne asubuhi wanakuja watu watatu, hawafanyi kazi hapa hospitali. Kazi yao ni kuangalia kama bado kuna sababu ya wewe kuzuiwa hapa. Hujafanya kosa, hakuna polisi, hakuna jela. Daktari atasema anavyoona, nesi atasema, na wewe utasema unavyoona, wakili wako atakuwa pembeni yako. Wanaweza kusema utoke, wanaweza kusema ubaki kwanza. Ukitaka kuja njoo, usipotaka hulazimishwi. Hebu niambie, kwa ulivyoelewa, Alhamisi kuna nini?"

Hilo swali la mwisho ndo kipimo. Akijibu "sawa" tu, hajaelewa, sisi tunasema sawa hata kwa mtu anayetukanyaga mguu. Na kama ni mtu mzima kuliko wewe, mwamkie, mwite mama au mzee, ndo uanze habari za seksheni.

Kuna wafanyakazi wanasema huyu amechanganyikiwa sana hawezi kuomba. Kizingiti kiko chini kuliko wanavyodhani. Uamuzi mmoja wa Upper Tribunal (tribunali ya juu yake) wa mwaka 2018 ulisema inatosha mgonjwa aelewe kwamba anazuiwa pasipo kutaka, na kwamba kuna tribunali ambayo inaweza kuamua aachiwe. Mtu anayegonga mlango akisema nataka nitoke nani ataniruhusu, yuko karibu sana na hapo. Na asipofika hata hapo, waziri wa afya anaweza kuombwa aipeleke kesi chini ya seksheni ya 67, kwa hiyo bado mlango haujafungwa.

HATUA YA 3: Wakili na mtetezi

Mgonjwa anapata wakili wa tribunali bure, hawaangalii mshahara wala akiba benki. Hili liseme mara mbili maana familia zetu zinaanza kuchangishana hela kabla ya kuuliza. Wodi inatakiwa iwe na orodha ya mawakili waliosajiliwa kwa kazi hii, mgonjwa anachagua, nesi asimchagulie. Asipokuwa na uwezo wa kuchagua, tribunali yenyewe inaweza kumteulia wakili. Pamoja na wakili kuna mtetezi huru anaitwa IMHA, naye bure, huyu hasaidii mambo ya kisheria ya kikao sana ila anamsaidia mgonjwa kuelewa barua na kusema anachotaka. Tarehe ikitoka, hawa wawili wajue siku ileile, wakili anayeshtukizwa jana yake ataomba kikao kiahirishwe na mgonjwa ndo anakaa wiki zaidi.

HATUA YA 4: Mkalimani, na Kiswahili kipi

Mkalimani wa kikao analetwa na tribunali bila malipo, LAKINI lazima aandikwe kwenye fomu tangu mwanzo. Usiandike "Swahili" ukaishia hapo. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akiletewa mkalimani wa Zanzibar wataelewana kwenye salamu, wakifika kwenye dawa na ndoto na sauti anazosikia wanaanza kupotezana. Andika Kiswahili cha Kongo, au cha Kenya, andika kama anataka mkalimani mwanamke, andika kama lugha ya nyumbani kwake hasa ni nyingine, mfano Kibembe au Kisomali, na Kiswahili ni cha sokoni tu. Pia uliza kama anakubali mtu wa jumuiya yake, maana miji kama Leicester au Coventry watu wanajuana, na mwingine ataona bora anyamaze kuliko mkalimani awe jirani ya shangazi yake.

Mkalimani wa siku ya kikao hatoshi. Anahitajika wakati wa kueleza haki, wakati wa kuonana na wakili, na wakati daktari wa tribunali anamuona mgonjwa kabla ya kikao. Wa kueleza haki na wa kuonana na wakili anapangwa na hospitali au wakili. Usimtumie mtoto wake, usimtumie mume wake, hata kama wako palepale na wanataka kusaidia. Ndugu anatafsiri anachotaka kisikike.

HATUA YA 5: Ndugu wa karibu kisheria (hapa ndo pana kelele)

Sheria inamtambua ndugu mmoja tu, wanamwita nearest relative, na hamchagui kwenye kikao cha familia. Iko orodha kwenye seksheni ya 26: mume au mke, halafu mtoto, halafu baba au mama, halafu kaka au dada, halafu babu au bibi, mjukuu, halafu wajomba, shangazi, baba wadogo na mama wadogo, mwisho watoto wa kaka na dada. Wakilingana wawili, mkubwa kwa umri anashika, awe mwanamke au mwanaume haijalishi, kwa hiyo mama mwenye miaka 60 anamtangulia baba wa 58. Ndugu anayeishi na mgonjwa au anayemhudumia anaruka juu ya wote. Binamu hayumo kwenye orodha hiyo, hata kama ndo aliyelipa nauli yenu wote.

Na hili linawauma wengi: mgonjwa akiwa mkazi wa Uingereza, ndugu anayeishi nje hahesabiki. Mzee wa ukoo aliyeko Tanga hata akipiga simu kila siku, kisheria hayupo kwenye orodha. Mwenza ambaye ndoa yao ni ya msikitini tu na haikusajiliwa anaweza kuhesabika kama wameishi pamoja kama mke na mume angalau miezi 6, ila kama kuna mke mwingine halali hapo muulize wakili, usiamue mwenyewe kwenye korido ya wodi. Ndugu wa karibu asiyetaka mzigo anaweza kumkabidhi mwingine kwa maandishi, na hiyo ndo njia safi pale familia inapotaka dada mwenye Kiingereza ndo ashughulike.

Kwenye taarifa: tribunali inampa ndugu huyu taarifa ya kesi, ISIPOKUWA mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua amesema asipewe. Kwa hiyo kabla hujapiga simu nyumbani, muulize mgonjwa, na andika jibu lake. Mwanamke aliyekimbia kipigo halafu hospitali ikampigia mumewe kumpa tarehe na jina la wodi, hilo huwezi kulirudisha. Wapo pia wanaoona aibu tu, hawataki kwao wajue, na hiyo nayo ni haki yao.

Akiruhusu, piga simu kwanza barua ifuate. Mwambie ndugu: kikao lini, saa ngapi, wapi au kwa video, kwamba anaweza kuhudhuria na kuandika maoni yake, kwamba jaji ndiye anaamua atashiriki kiasi gani. Akisema "basi mimi namtoa leo", mweleze taratibu kwamba anaweza kweli kutoa amri ya kumwachia kwa seksheni ya 2 au 3, lakini kwa maandishi na kwa kutoa saa 72, na daktari anaweza kuizuia. Ikizuiwa na mgonjwa yuko seksheni ya 3, ndugu mwenyewe ana siku 28 za kwenda tribunali.

Mageuzi yaliyopelekwa bungeni Novemba 2024 yanataka nafasi hii ishikwe na mtu anayechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo kabla hujatoa fomu za zamani uliza ofisi ya Mental Health Act kama sehemu hiyo imeshaanza kutumika.

HATUA YA 6: Wengine wa kuambiwa, na wa kutoambiwa

Wanaoandika ripoti ni watatu, daktari mhusika, nesi, na mtu wa ustawi wa jamii, na isipokuwa seksheni ya 2 wana wiki 3 za kuzileta. Wapigie simu, barua pepe wanaziona wamechelewa. Kama kuna amri ya Court of Protection (mahakama ya watu wasioweza kujiamulia mambo yao) inayoendelea, mahakama hiyo nayo inapewa taarifa. Kwa mgonjwa aliyewekewa na mahakama vizuizi vya seksheni ya 41, Wizara ya Sheria ni upande kamili kwenye kesi. Na kama alimdhuru mtu, yule aliyedhurika anaweza kuwa kwenye mpango wa taarifa kwa waathirika chini ya sheria ya 2004, hapo anayezungumza naye ni afisa maalumu, wewe wa wodini usijaribu.

Kikao ni cha faragha. Imamu, mchungaji, mwenye nyumba, bosi wa kazini, mwenyekiti wa jumuiya, hawa hawaambiwi na hospitali hata wakiuliza kwa upendo. Mgonjwa akitaka mmoja wao aje kumsindikiza, anamwambia wakili, wakili anaomba. Na familia nawaomba sana, tarehe ya kikao isiwekwe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, ukiiweka Birmingham saa mbili, saa tatu inajulikana Muscat.

Kitu kingine familia muambiwe mapema: mnachomwambia mtu wa ustawi wa jamii kinaingia kwenye ripoti na mgonjwa ataisoma. Kama kuna jambo ambalo akilijua kuna hatari ya kweli ya mtu kuumia vibaya, lisemwe kabla halijaandikwa, ripoti ya siri inatenganishwa na tribunali ndo inaamua afichwe au la. Kuogopa atakasirika peke yake hakutoshi.

HATUA YA 7: Karatasi ya taarifa iwe na nini

Barua rasmi inatoka tribunali, lakini mgonjwa anahitaji karatasi moja ya kubandika ukutani. Mimi naandika herufi kubwa, hivi:

"KIKAO CHAKO CHA TRIBUNALI. Siku: Alhamisi. Tarehe: … Saa: 4 asubuhi (kwa saa ya Kizungu 10:00). Mahali: chumba cha mikutano, ghorofa ya chini, hapahapa. Wakili wako: … Mkalimani wako: … wa Kiswahili cha … Daktari wa tribunali atakuja kukuona: … Swali lolote muulize nesi … au IMHA …"

Hiyo saa iandike namna zote mbili. Aliyezoea saa ya Kiswahili akiona 10:00 anasoma saa kumi, alasiri, na kikao kinakuwa kimeshakwisha.

Uliza pia anataka ana kwa ana au video, tangu 2020 video imezoeleka ila mtu anayesikia sauti za watu wasioonekana hebu fikiria unamkalisha mbele ya skrini yenye vichwa 7 vinaongea. Kuonwa na daktari wa tribunali kabla ya kikao kwenye seksheni ya 2 kunakuja chenyewe asipokataa, kwa seksheni nyingine lazima kuombwe kwa maandishi siku 14 kabla, na hapo ndo wengi wanakosa kwa sababu hakuna aliyewaambia.

HATUA YA 8: Siku za mwisho

Siku 2 kabla mkumbushe, asubuhi yenyewe mkumbushe tena, hakikisha amekula kama hafungi, ana nguo zake na siyo pajama. Tarehe ikibadilika, anza upya na kila mtu, mgonjwa wa kwanza, na ile karatasi ya ukutani itoe, ukiiacha atasubiri siku ya zamani. Mgonjwa akisema hataki tena kikao, usimwambie ndugu yeyote kwamba kimefutwa mpaka tribunali ikubali, maombi hayaondolewi kwa maneno ya wodini tu.

Uamuzi kwa kawaida unasemwa siku hiyohiyo, maandishi yanafuata ndani ya siku 3 za kazi kwa seksheni ya 2 na siku 7 kwa nyingine. Akiachiwa, ndugu wa karibu anatakiwa kujulishwa, ikiwezekana siku 7 kabla hajatoka, ila hapa napo mgonjwa au ndugu mwenyewe anaweza kukataa taarifa isitoke, kwa hiyo angalia lile jibu uliloandika hatua ya 5. Na kama wiki chache baadaye itaingia barua nyingine ya kikao yenye maneno "hospital managers", huo ni mchakato mwingine wa hospitali yenyewe, hauna jaji na hauli nafasi yake ya tribunali, mweleze hivyo kabla hajaanza kuogopa upya.